Kisangani: Kusomea saikolojia ukitokea Mangobo

Kwa mwanafunzi anayeishi Mangobo, mojawapo ya tarafa sita za Kisangani, gharama ya kusomea saikolojia haiishii kwenye karo. Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, kiko tarafa ya Makiso. Kuna nauli ya pikipiki au ya toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria. Kuna silabasi za kununua na, mwishoni, kazi ya utafiti ya kuchapisha.

Somo hili lina mizizi mjini. Chuo kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963. Serikali ilipounganisha vyuo vikuu vya nchi mwaka 1971, Kisangani ilikabidhiwa saikolojia na elimu, na vijana wakaja kutoka kila upande wa nchi. Mwaka 1981 chuo kilirudi kujitegemea, na kitivo hicho kikabaki. Darasani ni Kifaransa; uani ni Kiswahili na Lingala.

Lugha hizo ni nyenzo ya kazi, kwani mtu aliyeumia moyoni husimulia kwa lugha ya nyumbani. Na walioumia ni wengi. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini siku sita na kuua mamia ya raia. Mwaka 2023, mapigano ya Wambole na Walengola yalikimbiza familia kutoka Lubunga.

Basi mama muuza samaki wa Mangobo akishindwa kulipa awamu ya pili, hasara si ya mwanawe peke yake. Mji nao unapoteza msikilizaji.