Betri mbadala za kola za mbwa wa kazi: namna ya kupata za bei nafuu bila kumhatarisha mbwa

Na Mwandishi Wetu

Mbwa wa kazi hapatikani kwa siku moja. Huchaguliwa, hufunzwa kwa miezi mingi pamoja na mwongozaji wake, na akipotea porini hakuna duka la kumnunua mwingine kesho yake. Hapa nchini Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi. Katika uhifadhi, taasisi ya African Wildlife Foundation ilianzisha mwaka 2014 mpango wa mbwa ambao mafunzo yake hufanyika Usa River, mkoani Arusha. Wapo wanaonusa meno ya tembo na vipusa bandarini na katika viwanja vya ndege, na wapo wanaofuata nyayo za majangili. Kampuni binafsi za ulinzi na baadhi ya wafugaji nao wanawategemea.

Mbwa anayefanya kazi akiwa amefunguliwa kamba huhitaji kola ya kuonyesha mahali alipo. Kola hiyo hupokea mawimbi ya setilaiti, hukokotoa mahali ilipo, kisha hutuma taarifa kwa redio hadi kwenye kifaa kilichoko mkononi mwa mwongozaji. Ikizimika, mwongozaji hajui tena kama mbwa amesimama juu ya harufu aliyoitafuta au amenaswa katika tanzi la waya kilomita mbili mbele. Mara nyingi kinachoizima si ubovu wa kola, bali ni betri iliyochoka. Betri za lithiamu-ioni hupoteza nguvu hata zikitunzwa vizuri: baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, nyingi hubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake wa awali, na joto kali huharakisha uchovu huo.

Hapo ndipo gharama inapoanza. Betri halisi ya mtengenezaji huagizwa kutoka nje, na usafirishaji wake una masharti mazito. Tangu Aprili 1, 2016, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinakataza betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, yaani bila kifaa, kubebwa kama shehena ndani ya ndege za abiria. Kwenye ndege za mizigo zinaruhusiwa zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Hii ni sababu mojawapo ya wauzaji wengi wa nje kukataa kutuma betri pekee, au kutoza nauli inayokaribia bei ya betri yenyewe.

Hata hivyo, abiria anaruhusiwa kubeba betri za akiba katika mzigo wa mkononi, mradi kila moja isizidi wati-saa 100. Hesabu yake ni rahisi: zidisha volti kwa ampia-saa. Betri ya kola yenye volti 3.7 na ampia-saa 2 ina wati-saa 7.4 tu. Kwa hiyo ndugu anayerejea kutoka safari anaweza kuja nayo, akiwa ameziba ncha zake kwa utepe na kuiweka katika mfuko wake peke yake. Isiwekwe kamwe katika begi linaloingia kwenye buti la ndege.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni ya mwandishi ndiyo yenye nafuu kubwa, ni kufahamu kilichomo ndani ya betri hiyo. Chini ya nembo na plastiki, mara nyingi mna betri za vipimo vya kawaida vinavyotumika pia katika tochi na kompyuta mpakato. Namba 18650, kwa mfano, maana yake ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zipo pia betri bapa zinazofanana na za simu. Mwenye kujua vipimo anaweza kutafuta mbadala Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, badala ya kutafuta jina la kola ambalo muuzaji hajawahi kulisikia.

Kinachopaswa kulingana kwanza ni volti. Hapa ndipo kola nyingi huharibikia. Betri ya CR123A, inayotumika katika baadhi ya vifaa vya ufuatiliaji, ina volti 3 na haichajiwi. Iko nyingine yenye umbo karibu sawa, inayochajiwa, ambayo ikijaa hufika volti 4.2. Mtu anayetaka kuokoa fedha huweka mbili za namna hiyo mahali pa zile mbili za awali, na kifaa kilichotengenezwa kupokea volti 6 kikapokea 8.4. Kola inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Kinyume chake pia ni hatari: betri isiyochajiwa ikiwekwa katika chaja inaweza kupasuka.

Baada ya volti, tazama umbo na nyaya. Betri ya 18650 yenye saketi ya ulinzi ndani yake huwa ndefu kwa milimita kadhaa kuliko isiyo nayo, na ikilazimishwa kuingia, kifuniko hakifungi sawasawa na maji hupenya. Betri nyingine zina waya wa tatu, ambao kwa kawaida hupeleka taarifa ya joto kwenye chaja. Fundi akiukata kwa kuuona hauna kazi, chaji inaweza kukataa kuingia, au ikaingia bila kizuizi.

Mwananchi ajihadhari zaidi na maandishi ya mAh, yaani miliampia-saa. Betri bora kabisa za 18650 zilizoko sokoni hazizidi sana mAh 3,500. Ukiona iliyoandikwa mAh 9,900, na zipo nyingi, elewa kwamba maandishi hayo ni ya uongo. Na aliyedanganya juu ya uwezo huenda amedanganya pia juu ya saketi ya ulinzi. Uzito mdogo kupita kiasi ni dalili nyingine.

Unafuu wa kweli hupimwa kwa saa za kazi. Tuchukue mfano wa kubuni: betri ya shilingi 60,000 inadumu saa 20 kwa chaji moja na inahimili chaji 300. Hizo ni saa 6,000, sawa na shilingi 10 kwa saa. Betri ya shilingi 20,000 inayodumu saa 8 na kufa baada ya chaji 60 hutoa saa 480, yaani takribani shilingi 42 kwa saa, mbali na kumwacha mwongozaji gizani kabla doria haijaisha.

Aidha, ipo akiba isiyogharimu chochote. Kola za Garmin zinazotumika na kifaa cha Alpha 100, kwa mfano, humruhusu mwongozaji kuchagua muda wa kutuma taarifa, kuanzia sekunde 2.5 hadi dakika 2. Mbwa anayezunguka zizi hahitaji kuonekana kila baada ya sekunde chache. Muda mrefu zaidi utaongeza saa za betri kwa kiasi kikubwa. Anayefuata nyayo za jangili ni suala jingine, na huko muda mfupi unastahili gharama yake.

Ukimpelekea fundi, muulize anavyounganisha. Vibati vya nikeli huunganishwa kwa mashine maalumu inayogusa kwa nukta ya muda mfupi mno. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri huipasha joto na kuidhuru kwa ndani. Asitumie betri zilizotolewa katika kompyuta kuukuu bila kuzipima. Mpira wa kuzuia maji ubadilishwe pale kola inapofunguliwa, kwani gharama yake ni ndogo na umande wa asubuhi hausamehe.

Wanunuzi wanashauriwa kudai risiti ya EFD na kuitunza. Masuala ya ubora wa bidhaa yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Anayefikiria kuagiza kola mpya nzima akumbuke kwamba kola ni kifaa cha redio: masafa yanayoruhusiwa hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Betri ya akiba itunzwe ikiwa na takribani nusu ya chaji, mahali penye ubaridi, si juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Iliyovimba isichajiwe tena, isitobolewe wala kutupwa shimoni au kwenye moto. Zibwe ncha zake kwa utepe, iwekwe nje ya nyumba katika chombo kisichoshika moto, kisha ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali.