Wakili Asiyetumwa: Somo la Baraza la Baghdad

Katika fiqhi ya muamalati tunafunzwa kwamba wakili hapati mamlaka yake kwa elimu aliyonayo wala kwa wema wa nia yake. Huyapata kwa yule aliyemtuma. Mtu akiuza shamba la jirani yake, hata kwa bei nzuri, ilhali jirani hakumwakilisha, mauzo hayo hayasimami. Kila mzazi aliyewahi kukaa katika baraza la nikahi anaijua kanuni hii, kwani hapo huulizwa kwanza: nani walii, na nani aliyemwakilisha?

Swali hilo hilo la nyumbani ndilo la kuuliza juu ya serikali ya mpito inayoundwa chini ya majeshi ya kigeni. Mfano wake ulio wazi zaidi katika zama zetu ni Iraq.

Majeshi ya Marekani na Uingereza yaliivamia Iraq mwezi wa Machi 2003, na Baghdad ikaanguka tarehe 9 Aprili. Mwezi wa Mei, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 1483, liliyatambua madola hayo mawili kuwa ndiyo yanayoikalia nchi hiyo, pamoja na wajibu wote unaofuatana na hali hiyo. Na wajibu huo si mdogo. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zinamtaka anayeikalia nchi ya watu aheshimu sheria alizozikuta, ila pale anapozuiwa kabisa. Yeye ni mshika amana. Mwenye mali ni mwengine.

Tarehe 13 Julai 2003 lilitangazwa Baraza la Utawala la Iraq, lenye wajumbe 25: Mashia 13, Waarabu wa Kisunni 5, Wakurdi 5, Mturkmani mmoja na Mkristo wa Kiashuri mmoja. Wanawake walikuwa watatu. Kwa hesabu, kila jamii kubwa ilikuwa na mtu wake. Lakini hapana hata mmoja aliyepigiwa kura, na maamuzi yao hayakuwa sheria mpaka Paul Bremer, mtawala aliyetumwa na Washington, ayatie sahihi yake.

Tusiwadhulumu waliokubali viti hivyo. Wamo walioamini kwamba ni heri kuwamo na kuokoa kinachookoleka. Aqila al-Hashimi, mmoja wa wale wanawake watatu, alipigwa risasi mwezi wa Septemba 2003 na akafariki siku chache baadaye. Ezzedine Salim aliuawa kwa bomu mwezi wa Mei 2004, zamu yake ya urais wa baraza ikiwa haijesha. Ushujaa wao hauna shaka. Hata hivyo, ushujaa wa wakili haujazi pengo la kutotumwa.

Pengo hilo lilionekana zaidi pale baraza lilipoingia majumbani mwa watu. Tangu mwaka 1959, Iraq ilikuwa na sheria moja ya ndoa, talaka, malezi na mirathi, iliyokusanya hukumu za madhehebu ya Kisunni na ya Kishia mbele ya mahakama moja. Tarehe 29 Disemba 2003, baraza lilipitisha azimio nambari 137 la kuifuta sheria hiyo na kuyarejesha mambo ya familia kwa kila madhehebu. Umma haukushauriwa. Habari zilipoenea, wanawake wa Baghdad walitoka barabarani kupinga. Wengi wao walikuwa Waislamu wenye kushika dini yao. Waliuliza: nyumba ambayo mume ni Sunni na mke ni Shia itahukumiwa na nani?

Bremer hakulitia sahihi azimio hilo, na mwishoni mwa Februari 2004 baraza lenyewe likalifuta. Waliolipinga walifurahi. Lakini tuitazame furaha hiyo kwa makini. Hatima ya ndoa na malezi ya watoto wa Kiislamu ilikuwa ikingojea kalamu ya mgeni. Aliyelitaka azimio alidhalilika, na aliyelikataa alidhalilika vile vile, kwa kuwa neno la mwisho halikuwa la yeyote kati yao.

Patakuwapo wa kusema: je, watu wangekaa bila serikali? Mishahara ingelipwa na nani, hospitali zingeendeshwa na nani? Hoja hiyo ina uzito. Jawabu lake limo katika kanuni ya maulamaa kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Serikali ya mpito na ilipe mishahara, ilinde usalama, iandae kura. Kubadili mizizi si kazi yake: katiba, sheria ya familia, umiliki wa uchumi. Na huko ndiko kalamu ya Bremer ilikofika, kwani mwezi wa Septemba 2003 amri yake iliruhusu wageni kumiliki makampuni ya Iraq kwa asilimia 100, isipokuwa katika sekta chache kama mafuta.

Ayatollah Ali al-Sistani aliliona jambo hili mapema. Mnamo Juni 2003 alitoa fatwa kwamba katiba iandikwe na watu waliochaguliwa na Wairaqi wenyewe. Mwezi wa Januari 2004, maelfu kwa maelfu waliandamana Basra na Baghdad kudai uchaguzi, na tarehe 30 Januari 2005 wakapiga kura. Kura hiyo nayo ilikuwa na dosari: majeshi ya kigeni yalikuwa bado nchini, na Masunni wengi hawakushiriki. Wala mzozo wa familia haukumalizika. Mwezi wa Januari 2025 bunge liliirekebisha sheria ile ile ya 1959, na wanawake wengi wakapinga tena. Ila safari hii waliwajua wa kuwadai: wabunge ambao kura inaweza kuwaweka na kuwaondoa.

Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ash-Shura, na ndani yake kushauriana kumetajwa pamoja na swala miongoni mwa sifa za waumini. Basi tusikiapo kwamba mahali fulani pameundwa serikali ya mpito, tusitosheke na kuhesabu ni wa kabila gani na madhehebu gani waliomo. Tuulize kama tuulizavyo katika nikahi: nani amewawakilisha, na nani awezaye kuwauzulu?

Mwenyezi Mungu awape watu wa Iraq, na kila umma ulio chini ya mabavu, amani na mamlaka ya nyumba zao. Amin.