Maandishi Ndani ya Kifuniko

Mwenye saa hayaoni. Yamekwaruzwa kwa ncha ya sindano upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma, mahali panapofunguliwa na fundi peke yake. Ukiinamisha kifuniko kuelekea taa yanajitokeza, ukikinyoosha yanapotea. Mstari wa kwanza unasema "K 6/85". Chini yake, kwa mwandiko mwingine unaolalia kushoto, "214" na "3-91". Wa tatu hauna tarehe wala herufi, ni mikwaruzo miwili na nukta.

Nilikuwa nimefika Industrial Area, Nairobi, kuulizia mashine kuukuu za leithi. Fitta wa kiwanda kimoja kando ya Lunga Lunga Road akanialika kwake, mtaa wa Hamza, tuongee zamu yake ikiisha. Mezani palikuwa na Seiko 5 iliyofumuliwa, na habari za leithi zikaishia hapo.

Jina lake hataki liingie gazetini, na kuitwa fundi wa saa ndiko hataki zaidi. Mafundi wa saa, asema, ni wale wazee waliokaa nyuma ya visanduku vya kioo kwenye veranda za River Road. Yeye ni mtu wa grisi na spana ambaye usiku hujiliwaza na vitu vidogo. Saa hii aliinunua sokoni Gikomba ikiwa imekufa, kwenye rundo la mikanda iliyokatika.

Seiko 5 ilitoka Japani mwaka wa 1963. Haina betri; mkono ukitembea, yenyewe inajijaza. Wakenya wa umri fulani wanaikumbuka kwenye mkono wa mwalimu mkuu au wa mjomba aliyefanya kazi reli. Desemba 1969 kampuni hiyohiyo ikaleta saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, zikafuata za bei rahisi, kisha simu ikamaliza shughuli.

Lakini turudi kwenye kifuniko, maana ndicho kilichoninyima usingizi. Kwa nje kina namba ya kiwandani, na hii inaanza na 8N. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, alama ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Kwa hiyo saa ni ya Novemba, mwaka unaoishia na nane. Upi? Mashine iliyomo, aina ya 7009, ilitengenezwa miaka ya sabini na ya themanini pia, na Seiko hawakuandika muongo.

"Sasa muulize K," akaniambia, akageuza kifuniko. "Ameifungua themanini na tano. Saa haiendi kwa fundi kabla haijazaliwa, ndugu yangu."

Basi ni 1978. Hata kama 6 si Juni bali ni namba ya risiti, 85 inabaki 85. Kilichokosekana kwenye namba ya kiwanda kimejazwa na mtu aliyeshika sindano, bila kujua anamjibu nani.

Sababu ya kukwaruza ni ya kibiashara. Mteja akirudi akilalamika kwamba juzi tu umemtengenezea, unafungua na kuangalia kama alama yako imo, na ni ya lini. Rejista ya fundi hukaa ndani ya mali ya mteja. Mwenyeji wangu huisoma kama faili la mgonjwa. Skrubu moja ya daraja, kile kibati kinachoshikilia magurudumu, kichwa chake kimeliwa, bisibisi iliyotumika ilikuwa pana mno. Lawama anamtwika huyu wa 214. K hana hatia, asema, na nilipomwomba ushahidi akacheka: "Mwandiko wa K umetulia."

Yule wa tatu anamshuku kwa jambo jingine. Uso wa saa ni buluu inayong'aa kupita umri wake, na kingo za herufi zimetapakaa. Umepakwa rangi upya. Kuna biashara kubwa ya kupaka upya nyuso za Seiko kuukuu nchini India, na huenda hii ilipitia huko. Au ilipakwa kwingine. K anaweza kuwa Kamau, Karim au Kumar. Saa ya rundoni Gikomba haina anwani.

Kazi yenyewe huanza na leso ya mkewe. Pindo moja hubanwa kwa pini ukingoni mwa meza, jingine hufungwa kiunoni, ili springi ikiruka iangukie kitambaani na si sakafuni. Dirisha hufungwa kwa ajili ya vumbi la malori. Vipande huingia kwenye trei ya kugandishia barafu, kila hatua na shimo lake, na kila hatua hupigwa picha kwa simu.

Kabla ya kugusa daraja, hutoa nguvu yote iliyofungwa kwenye springi kuu. Ukisahau, hufumuka kwa kishindo na kung'oa meno ya magurudumu. Kiwandani pia, asema, hakuna mkono unaoingia kwenye mashine kabla swichi haijazimwa na kufuli kuning'inizwa.

Kusafisha ni petroli ya vibiriti na kijiti cha meno kilichochongwa. Mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi. Kurudisha daraja ndiko kunakomtoa jasho: ncha za magurudumu lazima ziingie kwenye vito vyake zote pamoja, na ukikandamiza kabla hazijaingia, moja inavunjika. Aliligusagusa kwa kibano, akangoja, akaligusa tena. "Usipumulie hapo," aliniambia, nami nikageuza uso.

Gurudumu la mwisho, lenye springi nyembamba kuliko unywele, liliposhuka mahali pake, lilianza kupiga lenyewe. Mara sita kwa sekunde, 21,600 kwa saa.

Mwanzoni ilikimbia mno. Akaiweka karibu na dira ndogo na mshale wa dira ukacheza: saa ilikuwa na sumaku, mizunguko ya ile springi ikawa inashikana. Anapofanyia kazi pamejaa mota na mashine za kuchomelea, kwa hiyo huenda aliitia sumaku mwenyewe kwa kuivaa zamuni. Sasa imetolewa, lakini bado ikilala chali inakwenda mbele kidogo, ikisimama ubavu inachelewa. Anadhani ncha moja ya lile gurudumu imelika.

Je, ataweka alama yake chini ya ile nukta? Hajaamua. Asiyemtoza mtu pesa anaweka rejista ya nini? Tena hataki mtu wa mwaka 2050 amlaumu kwa skrubu ya 214.

Kwanza atafute 7009 nyingine iliyokufa, aitoe gurudumu. Muuzaji wa Gikomba ameshamzoea na amepandisha bei, kwa hiyo Jumamosi atamtuma mpwa wake, ambaye ameagizwa aulizie mikanda kwanza.