Rangi ya Alumini Iliyoyeyuka: Jaribio Lipangweje?

Asubuhi ya Septemba 11, 2001, dakika chache kabla mnara wa kusini wa World Trade Center jijini New York haujaporomoka, kamera zilinasa kitu cha rangi ya machungwa kikimiminika karibu na ghorofa ya 80. NIST, taasisi ya serikali ya Marekani iliyochunguza maporomoko hayo, ilihitimisha mwaka 2006 kuwa ni aloi za alumini za ndege iliyougonga mnara huo, aloi ambazo huyeyuka kati ya nyuzi 475 na 640 za Selsiasi. Alumini safi ingeonekana nyeupe kama fedha, ikakiri. Ila hii, ikasema, yaelekea ilichanganyika na mabaki ya samani na mazulia yaliyoungua nusu, na hayo ndiyo yaliyowaka. Ubishi kuhusu kitu hicho haujaisha. Kwangu mimi, kauli hiyo inastahili kupimwa kabla ya kushangiliwa au kuzomewa.

Kinachoakisi mwanga vizuri hutoa mwanga wake kwa shida. Alumini safi ni kioo: ikipashwa joto, hutoa takriban sehemu moja tu ya kumi ya mwanga ambao kitu cheusi kabisa kingetoa. Makaa hutoa sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo katika chungu kimoja, kwenye joto lilelile, kipande cha kaa kitakuwa chekundu na metali iliyokizunguka ibaki nyeupe.

Hapo ndipo penye mtego. Ndani ya tanuri, alumini huonekana ya machungwa kwa sababu inaakisi kuta zinazowaka. Anayechungulia tanurini akaandika rangi aliyoiona ameandika rangi ya matofali. Metali lazima itolewe, imiminwe mahali pa wazi, ipigwe picha mara moja mchana na mara moja gizani, kwa kamera ambayo mipangilio yake yote imefungwa. Kamera ikiachwa ijirekebishe yenyewe, itabadilisha rangi bila kuaga.

Uchafu nao utenganishwe. Shaba, zinki na magnesi huyeyuka ndani ya alumini. Majivu na makaa hayayeyuki humo, hubaki vipande au huelea. Kila kundi lipate sampuli zake, kwa kipimo cha uzito kinachojulikana, kando ya alumini safi. Ngozi ya oksidi inayojitanda juu ihesabiwe peke yake, maana hung'aa kuliko metali iliyo chini yake. Joto lipimwe ndani ya chungu, na kila mchanganyiko urudiwe kwenye nyuzi 700, 800, 900 na 1,000, kwa sababu bila hivyo hatutajua kama rangi imeletwa na uchafu au na joto.

Sampuli muhimu kuliko zote ni makaa matupu, yasiyo na alumini, kwenye joto hilohilo. Yakitoa rangi ileile ya mchanganyiko, basi uchafu haukuibadilisha metali, umewaka wenyewe. Na lipimwe pia kama vipande hivyo vinabaki ndani ya mkondo unapomiminika au vinajitenga na kuachwa nyuma, kwani maelezo ya NIST yanasimama au kuanguka hapo.

Kazi hii ifanywe na mafundi wa kuyeyusha metali wenye uzoefu, si wanafunzi darasani. Tone la maji chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha, na kutu ikichanganyika na alumini kwenye joto kali huweza kuzua moto usiozimika kwa maji.