Neno 'udhaifu' lilivyomponza CAG Assad

Ukinunua kitenge Kariakoo ukadai risiti, kodi iliyomo inaenda serikalini. Anayekagua inavyotumika ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Hadi Novemba 2019 alikuwa Profesa Mussa Assad.

Desemba 2018, akihojiwa na Redio ya Umoja wa Mataifa, alisema Bunge kushindwa kufanyia kazi ripoti za ukaguzi ni udhaifu. Basi, ikawa nongwa. Spika Job Ndugai alimwita Dodoma ajieleze, akionya kuwa asipofika ataletwa kwa pingu. Assad alienda, ila neno hakulifuta. Kwa wakaguzi, alisema, hiyo ni lugha ya kawaida. Aprili 2, 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Yaani yeye binafsi, ofisi yake ibaki!

Miezi saba baadaye Rais Magufuli alimteua Charles Kichere, miaka mitano ya Assad ikihesabiwa imeisha. Zitto Kabwe akaenda mahakamani. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kumwondoa vile kulivunja Katiba, maana ibara ya 144 inamlinda CAG hadi umri wa kustaafu. Lakini uteuzi wa Kichere haukuguswa, na Assad hakurudi ofisini.