Msitu, Simu na Namba ya NIDA: Kumbukumbu ya Kijiji Isipotee

Mtu akisema hapa wilayani Kilosa kwamba jana alikuwa Ulaya, hakuna anayemwuliza habari za baridi wala za ndege. Anaulizwa kama njia ya Mikumi inapitika na gunia la mahindi limefika shilingi ngapi. Ulaya yetu ni kata iliyo kati ya Kilosa mjini na Mikumi, yenye mashamba, mifugo na misitu ya miombo. Katika makala hii ningependa tutazame jambo ambalo wengi hudhani ni la Ulaya ile nyingine, kumbe linatuhusu sana sisi: jinsi mifumo ya kidijitali ya umma inavyoweza kusaidia kutunza misitu na kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi.

Miundombinu ya kidijitali ya umma ni nini?

Maneno haya ni marefu lakini maana yake ni nyepesi. Barabara ya kijiji hutumiwa na mwalimu, mchuuzi, mgonjwa na mkulima. Haikujengwa kwa ajili ya safari moja tu. Vivyo hivyo, ipo mifumo ya kompyuta na simu ambayo haikujengwa kwa kazi moja, bali huduma nyingi zinapita juu yake. Kwa kawaida hutajwa mitatu:

1. Utambulisho. Kwa Tanzania ni namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Kwa namba hiyo na alama za vidole tulisajili upya laini zetu za simu, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa.

2. Malipo. Pesa kwa simu tunazo tangu mwaka 2008. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa Serikali wa kukusanya mapato kielektroniki (GePG), ambao hutoa namba ya malipo, ile ambayo wengi wanaiita kontroo namba.

3. Kubadilishana taarifa. Hapa ofisi moja inaweza kuthibitisha jambo kutoka ofisi nyingine bila mwananchi kutembea na bahasha ya nakala mkononi.

Mfano tulio nao tayari ni mbolea ya ruzuku. Kuanzia msimu wa 2022/2023 wakulima waliandikishwa katika daftari la kielektroniki, na aliyesajiliwa alipata namba ya kununulia mbolea kwa wakala kwa bei ya ruzuku. Mkulima wa kitochi naye alihudumiwa. Basi swali letu ni hili: ikiwa njia hiyo imeweza kubeba mbolea, je, haiwezi kubeba pia habari za msitu?

Ahadi ya miaka 24

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa hapa hapa. Mwaka 2012 ulianza mradi wa kuleta mageuzi katika sekta ya mkaa, ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG), mtandao wa jamii wa MJUMITA na TaTEDO, kwa fedha za Serikali ya Uswisi. Miongoni mwa vijiji vilivyoshiriki wilayani Kilosa ni Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Mradi huo ulimalizika mwaka 2019.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kwanza kijiji kilipanga matumizi bora ya ardhi na kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ndani ya msitu huo ikatengwa sehemu ndogo kwa ajili ya mkaa, na sehemu iliyobaki ikaachwa. Sehemu ya mkaa iligawanywa katika miraba ya mita 50 kwa 50, ikavunwa kwa kupishana kama nyumba za bao la drafti. Mti hukatwa lakini kisiki haking'olewi, ili kichipue upya. Sehemu iliyovunwa hupumzishwa kwa miaka 24 ndipo irudiwe. Mchoma mkaa hupata kibali kijijini, mnunuzi hulipa ushuru, na mapato hutumika kwa doria za Kamati ya Maliasili na kwa maendeleo ya kijiji.

Ni utaratibu mzuri. Lakini tuhesabu kidogo. Mraba uliovunwa mwaka 2013 unapaswa kurudiwa mwaka 2037. Kufikia wakati huo mwenyekiti wa kijiji atakuwa amebadilika mara kadhaa, Afisa Mtendaji amehamishwa, wajumbe wengine wa kamati wametangulia mbele ya haki, na ramani ya karatasi iliyokuwa kabatini imeshaonjwa na mchwa. Ni nani atakayekumbuka ni mraba upi ulikatwa na upi ulipumzishwa? Ahadi ya miaka 24 inahitaji kumbukumbu ya miaka 24. Kumbukumbu ikipotea, mtu yeyote anaweza kuingia na shoka na kusema zamu ya mraba huu imefika, na hakuna atakayeweza kumpinga kwa ushahidi.

Mradi huondoka, miundombinu hubaki

Hapa ndipo penye tofauti ambayo sisi wasimamizi wa miradi hatuna budi kuikubali. Kwa miaka mingi kila mradi umekuja na kompyuta yake, programu yake na orodha yake ya wanufaika. Mradi ukifungwa, kompyuta inaondoka na gari, na mradi unaofuata unaanza kuandikisha watu upya. Nakiri kwamba nami nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Taarifa za kijiji zikae mahali ambapo kijiji na Serikali watazipata hata baada ya mfadhili kuaga.

Je, inawezekana? Vitu vitatu vinaonyesha kwamba inawezekana.

Kwanza, macho ya angani ni ya wote. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani hutolewa bure tangu mwaka 2008, na zile za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya tangu 2015. Alama moja katika picha ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, maana yake mraba wetu wa mita 50 kwa 50 una alama 25. Katika picha za Landsat, ambazo alama yake ni mita 30, mraba huo haufikishi hata alama tatu. Kwa hiyo leo inawezekana kuona kama mraba umekatwa na kama unachipua, na picha mpya hupatikana kila baada ya siku chache pale mawingu yanaporuhusu. Ipo pia huduma ya bure ya kuonyesha mioto kutoka setilaiti, ambayo hutoa taarifa saa chache baada ya moto kuonekana. Tunajua jinsi moto wa kiangazi unavyoumiza machipukizi ya miombo.

Pili, malipo yanaweza kujieleza yenyewe. Mnunuzi wa mkaa akilipia kijiji kwa namba ya malipo badala ya fedha taslimu, kila gunia linaacha alama: limelipiwa lini, limetoka mraba gani, shilingi ngapi. Halmashauri ya kijiji inatakiwa kutoa taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Taarifa hiyo ikitoka kwenye mfumo, mwananchi anaweza kulinganisha idadi ya magunia na fedha iliyosomwa. Mjadala wa "pesa ya msitu imekwenda wapi" utakuwa mfupi.

Tatu, soko lenyewe linaelekea huko. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa nchini mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, hapa hapa mkoani kwetu. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vimekuwa vikipata mapato kwa kutunza msitu wao. Anayenunua kaboni hununua ushahidi kwamba msitu upo na utaendelea kuwapo. Kijiji kisicho na mipaka inayoeleweka wala kumbukumbu hakina cha kuuza, hata kama kina miti.

Mipaka ni uhai

Wilaya yetu inajua gharama ya ardhi isiyo na mipaka wala mpango. Desemba 2000, zaidi ya watu 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Hatusemi kwamba ramani ya kompyuta ingezuia yote hayo. Lakini mpaka uliopimwa kwa GPS mbele ya wazee wa pande zote mbili, ukasainiwa na kuhifadhiwa mahali zaidi ya pamoja, humnyima mchochezi nafasi.

Hata hivyo, ramani pekee inaweza kudanganya. Nchini Brazil, sheria ya misitu ya mwaka 2012 ilimtaka kila mwenye shamba kuandikisha mipaka yake katika daftari la kidijitali, na taarifa hizo hulinganishwa na picha za setilaiti. Ni hatua kubwa iliyosaidia kujua nani anakata msitu wapi. Lakini kwa kuwa mwenye shamba hujiandikisha mwenyewe, wapo waliochora mipaka juu ya misitu ya umma ili waonekane ni mali yao. Fundisho kwetu ni kwamba mfumo huhifadhi kile ulichoambiwa, kweli au uongo. Ukweli unapatikana kwenye mkutano wa kijiji, watu wakiwa wamesimama mpakani.

Nani anaachwa nje?

Naomba nieleze kosa langu. Katika mradi mmoja wa miche niliowahi kuusimamia, tuliamua kulipa wanakikundi kwa simu ili kuondoa maneno juu ya fedha taslimu. Orodha ilipendeza, malipo yalikwenda kwa siku moja, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba kazi imefanyika kwa uwazi. Baada ya wiki chache mama mmoja akanifuata pembeni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ile pesa ya miche itakuja lini?" Nikamwonyesha jina lake na namba iliyopokea. Akatabasamu akasema, "Hiyo laini ni ya baba watoto." Hakuwa peke yake. Akina mama kadhaa hawakuwa na namba ya NIDA wakati wa usajili wa laini, hivyo laini walizokuwa wakitumia zilikuwa kwa majina ya waume au watoto wao. Mfumo haukukosea hata shilingi. Aliyekosea ni mimi, kwa kutouliza laini ni ya nani.

Katika majaribio ya malipo ya MKUHUMI yaliyofanyika katika baadhi ya vijiji vya Kilosa kabla ya hapo, wakazi walipokea fungu lao mmoja mmoja, na watoto nao wakahesabiwa. Tunapohamia kwenye simu, usawa ule usipungue.

Lipo pia suala la usiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Mtu anayefika kijijini akikusanya namba za NIDA na alama za mashamba bila kueleza zinakwenda wapi, ana haki ya kuulizwa, hata kama amekuja na barua.

Nini kifanyike?

Kwa uzoefu wetu mdogo, tunapendekeza yafuatayo kwa kamati za vijiji, sharika na wadau:

- Ramani ya msitu wa kijiji ihifadhiwe katika nakala tatu: ofisi ya kijiji, halmashauri ya wilaya, na nakala ya kielektroniki ambayo kijiji kinaweza kuifungua bila kumtegemea mradi.

- Kila mraba uwe na namba, na kila uvunaji uandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, namba ya mraba, idadi ya magunia na namba ya stakabadhi. Daftari lianze hata kabla ya simu janja kupatikana.

- Wachaguliwe vijana wawili, wa kike na wa kiume, wafundishwe kutumia GPS ya simu na kusoma picha za setilaiti. Programu nyingine hufanya kazi bila intaneti msituni, na taarifa hutumwa mtandao unapopatikana.

- Kabla ya kulipa kwa simu, orodha isomwe hadharani na kila mmoja aseme laini ni ya nani. Asiye na laini yake apewe njia nyingine bila kuaibishwa.

- Asiye na namba ya NIDA asaidiwe kuipata kwanza. Sharika na misikiti ni mahali pazuri pa kutangaza siku za usajili.

- Kijiji kisisaini mkataba wa kaboni ambao hakioni taarifa zake chenyewe.

Hitimisho

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini kabla ya kufika huko, mkaa utaendelea kutoka mahali fulani. Heri utoke kwenye mraba unaojulikana kuliko kwenye mlima wowote ambao lori linaweza kuufikia.

Yule mama wa miche alilipwa fungu lake katika awamu iliyofuata, kwa laini yenye jina lake, baada ya kupata namba ya NIDA. Tangu hapo, kila ninapopelekewa orodha ya malipo nisaini, swali langu la kwanza ni moja: laini hii ni ya nani?