Kiyoyozi cha BTU Ngapi Kinakutosha?

Ukiulizia kiyoyozi kwenye duka la vifaa vya umeme Dar es Salaam, utaulizwa kwanza: HP ngapi? Moja ni BTU 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. Fundi naye huchungulia chumba kutoka mlangoni na kusema, "Weka mbili tu bosi, usijibane." Kwake ushauri huo ni salama, maana hutampigia simu kulalamika kwamba chumba hakipoi. Lakini atakayenunua luku ni wewe.

Chukua futi kamba. Zidisha urefu kwa upana wa chumba kwa mita, kisha jibu lizidishe kwa 600. Kwa joto la pwani na dari ya kimo cha kawaida, hayo ni makadirio mazuri ya kuanzia. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinahitaji BTU 7,200, kwa hiyo 9,000 inatosha na chenji inabaki. Cha mita 4 kwa 5 kinahitaji 12,000. Sebule ya mita 5 kwa 6, 18,000.

Halafu rekebisha. Dirisha likipigwa na jua la jioni, ongeza asilimia 10. Chumba kikiwa kivulini, punguza kiasi hichohicho. Watumiaji wakizidi wawili, ongeza 600 kwa kila aliyezidi. Sebule iliyoungana na jiko, ongeza 4,000. Na kama juu yako ni bati tupu, piga dari kwanza; bila hiyo utakuwa unapambana na jua kutwa nzima.

Kwa nini usichukue kikubwa kabisa? Kwa sababu kiyoyozi kina kazi mbili: kupoza hewa na kuikamua unyevu. Maji yanayodondoka kwenye ndoo nje ya dirisha ndiyo ushahidi wa kazi ya pili, na hayo hutoka kompresa ikiwa inazunguka kwa muda. Kiyoyozi cha 18,000 kwenye chumba kidogo hufikia nyuzi ulizoweka ndani ya dakika chache, kikazima, kikawaka tena, kikazima. Chumba kinakuwa cha baridi lakini shuka zinanata, na kompresa inachakaa kwa kuwashwa mara kwa mara. Kidogo kupita kiasi nacho huunguruma usiku kucha bila kufikia nyuzi ulizotaka.

Tuje kwenye bili. Tukadirie uniti moja kwa shilingi 350, saa 8 kila usiku, kwa siku 30:

– Pangaboi la wati 70: takriban shilingi 6,000 kwa mwezi.
– Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000, kama uniti 6 kwa usiku: shilingi 63,000.
– Cha inverta cha ukubwa huohuo, kama uniti 4: shilingi 42,000.

Inverta haizimi na kuwaka. Hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa. Tuseme dukani imezidi kwa shilingi 250,000. Kwa akiba ya 21,000 kila mwezi, itakuwa imerudisha tofauti hiyo kwa mwaka mmoja. Lakini kama unawasha kuanzia Desemba hadi Machi tu, hesabu ni miaka mitatu. Aliyepanga nyumba na anatarajia kuhama ana haki ya kuchukua ya kawaida. Kaya iliyo kwenye kundi la bei la D1, inayofurahia uniti 75 za kwanza kwa shilingi 100 kila moja, ijue kwamba uniti 120 za inverta peke yake zinavuka kiwango hicho.

Jihadhari na mtumba wa bei ya kutupa unaotumia gesi ya R22, ambayo dunia inaiondoa sokoni kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Tafuta R32, na usome wati kwenye lebo badala ya kutegemea maneno ya muuzaji.

Kwa familia ya kipato cha kawaida, ushauri wangu ni huu: inverta ya 9,000 kwenye chumba cha kulala cha wastani, iwekwe nyuzi 25 au 26 huku pangaboi likizunguka polepole. Sebuleni madirisha yafunguliwe, pangaboi litoshe. Fedha inayobaki ipige dari.